Orodha ya Bomba la Nyasho

Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, mzee Silasi Mugeta alikuwa ameketi kwenye kigoda uani kwa Mama Hashimu, mtaa wa Nyasho, na kifurushi cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mapajani. Alikuwa amemletea binti yake Wankyo, aliyepanga hapo chumba cha tatu upande wa kushoto, kile kilichopakana na jiko. Wankyo alikuwa mama lishe, na muda huo alikuwa akiparua sato wa kukaanga mchana. Alipomaliza alibeba beseni la maji ya magamba mpaka kwenye chemba mpya ya majitaka, akafunua kifuniko, akamwaga.

Maji yalishuka. Wankyo akageuka, akapiga hatua mbili, na maji yakapanda. Yalitoka kwenye chemba bila haraka, yakakata uwanja, yakazunguka kigoda cha Silasi yasimlowanishe viatu, yakapanda ukingo wa beseni na kuingia ndani. Magamba yote yalikuwemo, hata lile kubwa lililokuwa limegandia kwenye kifuniko.

"Tangu lini?" Silasi akauliza.

"Tangu Jumamosi walipofungua," alisema Wankyo. "Ya asubuhi yanarudi haraka. Ya jioni yanachelewaga kidogo."

"Na ya Mama Hashimu?"

"Yake hayana neno. Yanaenda tu."

Geti likalia. Aliyeingia alikuwa Muharami, fundi cherehani, mume wa Mama Hashimu, ambaye alizikwa miaka tisa iliyopita. Alikuwa amejifunga sanda yake, ameikunja vizuri begani isiburute chini. Alitoa salamu, Silasi na Wankyo wakaitikia. Akachukua kopo, akatanguliza mguu wa kushoto, akaingia chooni. Baada ya muda maji yakasikika yakienda, na hayakurudi.

Mama Hashimu alitoa kichwa dirishani. Jina lake hasa lilikuwa Mwanaharusi, lakini mtaani hakuna aliyelitumia isipokuwa marehemu.

"Muharami, jaza ndoo ukitoka! Kila siku unaniachia ndoo tupu."

"Nitajaza kesho, Mwanaharusi."

"Hivyohivyo ulikuwaga na uhai wako. Kesho, kesho."

Muharami akapita, akaaga, akarudishia geti. Silasi alimtazama mpaka akapotea nyuma ya duka la vocha. Kisha akalitazama beseni. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Orodha ya bomba aliiandika yeye kwa mkono wake.

Mwaka uliopita ofisi ya mradi wa majitaka ilitafuta mtu mzima, anayejua kusoma na kuandika na asiyeogopa mbwa, wa kuhesabu watu katika Musoma, Bunda na Butiama, ili wajue bomba lipitishe uchafu wa watu wangapi. Silasi alikuwa ameshafanya kazi nyingi. Aliwahi kuwa mlinzi wa kiwanda cha samaki, mpimaji pamba, na karani wa sensa mara mbili. Akapewa fulana, kalamu na mafaili.

Alianzia Butiama, kwa sababu ni kwao na njia anazijua. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kikongwe mmoja, Selestina, aliyekuwa anasonga ugali.

"Mama, watu wa nyumba hii ni wangapi?"

"Mimi na watoto wangu tisa."

"Walio hai wangapi?"

Selestina alichomoa mwiko na ugali wake, akampiga nao katikati ya paji la uso. "Wewe Silasi mtoto wa Mugeta," akasema, "unataka nimkatae yupi?"

Ulikuwa ugali wa mtama, wa moto, na alama ilikaa wiki nzima. Silasi aliwaandika wote tisa. Alikuwa anajua tangu utoto kwamba kwao mama hamwachi marehemu wake nje ya hesabu, alijisahaulisha tu kwa ajili ya ile fulana. Tangu siku hiyo hakuuliza tena swali la pili. Butiama aliandika watoto waliokufa kwa surua, Bunda akaandika wazee waliokufa kwa uzee, na Musoma akaandika wavuvi ambao ziwa halikuwahi kuwatoa. Injinia Pastory, msimamizi wa mradi, alikuwa amewapa makarani sharti moja tu: andika anachosema mwenye nyumba, usiongeze, usipunguze.

Nyasho ilikuwa na shida nyingine. Uvumi ulikuwa umetangulia kwamba ukishaonekana na wapangaji kumi utalazimishwa kujenga choo cha pili, na wakizidi ishirini cha tatu. Kwa hiyo siku Silasi alipopita, hapakuwa na mpangaji hata mmoja Nyasho. Walikuwepo wageni. Kuna wageni waliokuwa na miaka kumi na mmoja kwenye chumba kilekile, wameoa humo na kusomesha humo. Mgeni haandikwi kwenye watu wa nyumba, na ni utovu wa adabu kumuuliza ataondoka lini.

"Sisi ni wanne," Mama Hashimu alimwambia siku hiyo. "Mimi, Hashimu, Hasna, na mwenye nyumba."

Mwenye nyumba ni Muharami, maana hati mpaka leo ina jina lake. Silasi akaandika.

"Na hawa?" akauliza, akionyesha kwa kalamu ile milango sita.

"Hao wageni wangu."

Kwenye mlango wa tatu upande wa kushoto Wankyo alikuwa amechuchumaa akichambua dagaa. Aliinua macho, akamtazama baba yake. Silasi aliinamisha yake kwenye karatasi. Akaandika: wanne.

Jioni ile, nyumbani kwake Kamunyonge, alijaza karatasi ya kaya yake mwenyewe. Yeye. Mkewe Matrida. Mwanawe Mniko na mke wa Mniko, Tereza. Wale pacha wa Matrida waliokufa wakiwa na miaka minne. Alipofika kwa Wankyo kalamu ilisimama. Wankyo alikuwa ameolewa Bugwema kwa ng'ombe tisa. Mumewe alikwenda machimboni, mwaka wa tatu sasa hana salamu, na Wankyo alikuja mjini kujitafutia. Lakini ng'ombe walikuwa wametolewa. Kumwandika kwa baba yake ni kutangaza kwamba amerudi nyumbani, na binti akirudi, ng'ombe nao wanarudi. Nao hawakuwepo. Silasi aliwapeleka Butiama kumwolea Mniko, na baba yake Tereza naye akachukua watano akamwolea mwanawe wa kiume. Ng'ombe wale walikuwa wameshaingia nyumba tatu.

Silasi akafunga faili. Wankyo hakuwa mtu wa Nyasho, hakuwa mtu wa Kamunyonge, na Bugwema hawakuwa kwenye mradi.

Jumla ya bomba la Nyasho na Kamunyonge ilitoka watu elfu sita na mia moja themanini. Injinia Pastory aliinuka kitini akampa mkono.

"Mzee umeniokoa. Hii ingezidi elfu sita na mia mbili tungepata tabu kubwa."

"Kwa nini?"

Injinia alifungua pazia. Nje, nyuma ya ofisi, mabomba ya inchi nane yalikuwa yamelazwa kwa safu, nyasi zimeshaota katikati yake. Yalifika tangu masika, kabla hata mtu wa kwanza hajahesabiwa.

Sasa bomba lilikuwa limefunguliwa, na liliwabeba walioandikwa, mmoja mmoja, bila kumruka wala kumzidisha mtu. Marehemu walifika asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, wengi wao wastaarabu, kila mmoja nyumba yake. Waliotoka ziwani waliacha nyayo za maji ngazini na wake zao walizipangusa. Kule Kamunyonge, pacha wa Matrida walikuja wameshikana mikono, Matrida akawapandisha chooni kwa zamu, akawanawisha, akawafuta pua, wakaondoka. Hakuwahi kuonekana mchangamfu namna hiyo kwa miaka thelathini.

Wapangaji ndio waliorudishiwa. Vyoo vya shimo vilikuwa vimefukiwa kwa amri, kwa kuwa mji ulikuwa umepata bomba, na gari la kunyonya majitaka lilikuwa limepelekwa Bunda. Kwa hiyo kila chumba kilinunua pipa, likawekwa nyuma ya kitanda, likafunikwa ubao. Lilipojaa walilibeba kwenda kulimwaga ufukweni, na mgambo waliwangoja ufukweni. Wengine walijaribu mbali zaidi. Dereva mmoja wa bodaboda alimwaga yake karibu na mlima, kilomita sita kutoka kwake, akayakuta yamemtangulia mlangoni.

Wiki ya pili Wankyo alifika Kamunyonge na ndoo yenye kifuniko. Aliingia choo cha baba yake, akamwaga. Yakarudi. Matrida akasema, "Lete, nimwage mimi, mimi nimo." Akamwaga yeye. Maji yakashuka, yakakaa huko muda wa kutosha kuwapa moyo, kisha yakapanda, yakampita Matrida miguuni, yakaingia kwenye ndoo ya Wankyo.

"Yananijua," Wankyo akasema, akafunika ndoo.

Siku hiyohiyo bwana afya alipita kwenye meza yake ya chakula, akanusa, akaona pipa kupitia mlangoni, akamwandikia mwezi mmoja aondoe uchafu au afunge. Mtaani watu walishaanza kuhamia kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara, ambaye nyumba ni yake.

Silasi alivaa shati la kanisani, akaenda kwa Injinia.

"Wapangaji wanarudishiwa," akasema.

"Taarifa tunazo, mzee. Karibu ukae." Injinia Pastory alikunjua mchoro mezani, akaushikiza pembe kwa stepla na simu. Alikuwa kijana mpole, asiyempandishia mtu sauti. "Bomba halina kosa. Limesanifiwa kubeba hao walioandikwa mpaka mwaka elfu mbili arobaini na tano. Na linawabeba."

"Humo kuna marehemu, Injinia."

"Mia nane na kumi na moja."

"Mnajua?"

"Tuliona wiki ya kwanza. Lakini ni watumiaji halali, wametajwa na wenye nyumba. Tena wanatumia vizuri kuliko wengine. Hawatupi matambara, hawatupi mabunzi ya mahindi."

"Watoeni, muwaweke wazima."

Injinia alifikiri. Alionekana kufikiri kwelikweli. "Kumtoa mtu kwenye orodha kunataka cheti cha kifo. Na tarehe ya kifo iwe baada ya tarehe ya orodha. Hao wote walikufa kabla. Kisheria hakuna lililowatokea tangu waandikwe."

Silasi aliona kuwa ni kweli. "Basi nitoeni mimi, mumweke binti yangu mahali pangu."

"Wewe umekufa?"

"Bado."

"Sasa unaona." Injinia alifungua mtoto wa meza, akatoa karatasi ya rangi ya njano. "Lakini sikia. Kuna nafasi ishirini tuliziacha kwa ajili ya waliosahaulika. Mkuu wa kaya anajaza hii kwamba fulani ni mtu wa nyumba yake, alisahau kumtaja. Anasaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili. Siku thelathini kuanzia leo. Ukiileta asubuhi, mchana maji yake yanashuka."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, mzee."

Silasi alipitia Nyasho kwanza. Mama Hashimu aliisoma karatasi yote, mbele na nyuma, akamrudishia.

"Wankyo nampenda, sikufichi. Lakini nikimwandika yeye, hao wengine kumi na wanne nitawafichia wapi? Nijenge vyoo mpaka mlango wa jikoni? Wewe ni baba yake, mwandike kwako. Mimi nitakuwa shahidi, hata kesho."

Silasi akaikunja karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Nyumbani aliitoa mbele ya Mniko. Mniko aliisoma polepole, na alipofika kwenye mashahidi wawili akaacha.

"Mashahidi wawili, baba, ni sawa na kutangaza sokoni. Bugwema watapata habari kabla jua halijazama. Watakuja na fimbo zao kuwadai ng'ombe."

"Najua."

"Na mimi nitawapeleka wapi? Nikamwambie baba yake Tereza arudishe? Naye akamnyang'anye mwanawe mke? Tereza ataondoka, baba."

Tereza alikuwa amepiga magoti kumimina chai. Chai ilijaa kikombe, ikapita, ikamwagika kwenye sahani, naye akaendelea kumimina mpaka Matrida akamshika mkono.

"Ni maji tu," Mniko akasema. "Si avumilie kidogo? Mji unakua, watachimba bomba lingine."

"Mwaka arobaini na tano," Silasi akasema.

Karatasi ikarudi mfukoni.

Siku ya tisa Wankyo alimuuliza, "Baba, umesaini?"

"Namtafuta shahidi wa pili."

"Mama Hashimu si amekubali? Na mwenye duka la vocha yupo tayari. Nimeongea naye."

"Nitapita kesho."

Siku ya kumi na tano alimuuliza tena, naye akasema mwenyekiti yuko semina Bunda, jambo ambalo lilikuwa kweli, lakini mwenyekiti alikuwa amerudi juzi yake. Siku ya ishirini Silasi alimletea dagaa wabichi, na Wankyo hakuuliza. Alipunga nzi kwenye meza isiyokuwa na mteja. Nyuma yake, chumbani, sasa kulikuwa na mapipa matatu, na kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani kuyapisha.

"Ile siku ya kuandika," Wankyo akasema, "ulikujaga hapa na fulana yako. Uliniona?"

Silasi alipangusa mikono. "Nilikuona."

"Mimi nilikuwa najiambia hukuniona," alisema. "Ilikuwa nafuu."

Siku ya ishirini na nne mvua za vuli zilianza. Hazikuwa kubwa, lakini mabati ya Mama Hashimu yalikuwa yanavuja, mapipa yakaongezeka maji, na maji ya mapipa yalipomwagika hayakwenda mbali na wenyewe. Yalizunguka vitanda vya wenyewe, yakaingia kwenye ndoo za kunywea za wenyewe. Hayakugusa hata kizingiti cha Mama Hashimu. Kipindupindu kilifuata mpaka huohuo. Watu thelathini na wawili waliugua Nyasho wiki hiyo, na karani wa kambi ya wagonjwa alipowauliza wanakaa nyumba ya nani, na kama nani, wote walijibu neno moja: mgeni.

Wankyo alifikishwa kambini siku ya ishirini na sita, saa nne asubuhi. Kambi ilikuwa ya turubai, imewekwa juu ya bomba ili iwe rahisi kumwaga. Muuguzi aliitwa Hilda. Alibeba ndoo ya Wankyo akaenda kuimwaga, akarudi, na ndoo ikawa imejaa tena kabla hajaitua. Akaimwagia dawa, akaifunika, akaisukuma chini ya kitanda. Kulikuwa na ndoo namna hiyo chini ya kila kitanda, na Hilda alipita kati yao kwa upande, kama mtu anayejua njia ya nyumbani kwake.

Silasi aliketi pembeni ya kitanda. Alitoa karatasi ya njano. Ilikuwa imelowa jasho na kukauka mara nyingi, mikunjo yake imeanza kukatika. Akaiweka gotini, akaandika: Wankyo Silasi, mtu wa nyumba yangu. Nilisahau. Akasaini.

"Dada, naomba uwe shahidi," akamwambia Hilda.

Hilda akavua glavu, akasaini. Mgonjwa wa kitanda cha pili, fundi seremala, akaomba kalamu, akasaini naye akiwa amelala, mstari ukapanda juu kama ngazi.

"Bado mwenyekiti," Silasi akasema. "Nampata sasa hivi."

Wankyo alikuwa amefumbua macho. Aliitazama karatasi. "Ng'ombe je, baba?"

"Waje wawachukue."

Akatoka. Alipanda bodaboda mpaka kwa mwenyekiti, akaambiwa ametoka. Akaenda ofisi ya kata, akaambiwa amepita. Akamkuta kwa kinyozi, nusu ya kichwa imeshanyolewa. Mwenyekiti akasaini hapohapo juu ya kioo kidogo, akagonga muhuri aliotembea nao mfukoni. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Silasi aliporudi kambini ilikuwa saa tisa na nusu, na Hilda alikuwa anatandua shuka. Ndoo ilikuwa bado chini ya kitanda, maana haikuwa na mahali pa kwenda.

Kesho yake alimpelekea Injinia karatasi. Injinia Pastory alisimama, akampa pole, akamshika mkono kwa mikono miwili. Aliipitia karatasi, akasema kila kitu kimekamilika na kiko ndani ya muda.

"Shida ni moja tu," akasema taratibu. "Fomu hii ni ya walio hai. Imefika yeye akiwa marehemu."

"Mna mia nane humo."

"Hao walitajwa na wenye nyumba, mzee. Huyu hakutajwa."

Watu wa Bugwema walikuja na lori, wanaume sita na baba mkwe. Walikuwa na adabu. Walisema Wankyo ni wao kwa ng'ombe tisa, na wao watamzika, hawana deni na mtu wala hawamdai mtu. Mniko aliwasaidia kupakia jeneza. Tereza alipika chakula cha msafara, akapika kingi sana. Silasi alipanda nyuma ya lori, akaketi juu ya gurudumu la akiba mpaka Bugwema.

Mwezi wa pili baada ya mazishi mradi uliamua kuhakiki orodha. Safari hii karani hakuwa Silasi, alikuwa binti wa chuo aliyeitwa Faudhia, mwenye kishikwambi na viatu vyeupe. Alipofika Kamunyonge aliwakuta Matrida akipepeta mchele na Silasi akitazama ukuta.

"Shikamooni. Mama, nani na nani wapo nyumba hii?"

"Mimi, na huyo mzee. Mkwe wangu Tereza. Na watoto wangu wanne."

Faudhia alitelezesha kidole kwenye kioo. "Mwaka jana watoto waliandikwa watatu. Mniko na pacha."

"Na Wankyo," Matrida akasema. Alipuliza makapi. "Akiwa hai alikuwa wa Bugwema kwa sababu ya ng'ombe. Sasa ni wangu."

"Sawa, mama. Mbona hakuandikwa?"

"Mwandishi alikuwa baba yake. Alisahau."

Faudhia alimtazama Silasi, kama kumwomba athibitishe. Silasi akatikisa kichwa kukubali.

"Hamna tabu," Faudhia akasema. "Nafasi za waliosahaulika zilikuwa ishirini, na zote ishirini zipo. Na uhakiki hauna haja ya mashahidi." Akabonyeza. Kishikwambi kikalia kidogo.

Kutoka hapo Faudhia alikwenda Nyasho. Chumba cha tatu upande wa kushoto kilikuwa kimeshapata mtu, mama mmoja mshona vitambaa aliyehamia na watoto wawili, mabeseni matatu na pipa. Wote walikuwa wameketi mlangoni. Mama Hashimu alimkaribisha karani kwa kahawa na kashata, akamwambia wao ni wanne kama mwaka jana, na wale pale ni wageni wake. Faudhia akaandika wanne. Mshona vitambaa aliinua macho, akaendelea na sindano.

Jumatano iliyofuata, saa moja na robo asubuhi, pacha walikuwa wameshatoka, na Matrida alikuwa jikoni akichochea uji. Geti likasukumwa. Wankyo aliingia na beseni lake kichwani, nguo ileile aliyozikwa nayo, udongo mwekundu wa Bugwema kwenye pindo. Silasi alikuwa kwenye kigoda uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Alikwenda moja kwa moja kwenye chemba, akafunua kifuniko, akamwaga. Yalikuwa maji ya magamba ya samaki. Kisha akasimama pale na beseni tupu mkononi, akasubiri, kwa mazoea. Silasi naye akasubiri, miguu ameiinua kidogo kutoka chini. Tereza alitoka na kikombe cha chai, akapiga goti, akampa wifi yake, na chai haikumwagika hata tone.

"Yameshuka?" Matrida akauliza kutoka jikoni.

Hakuna kilichopanda. Wankyo alisuuza beseni, akaliegemeza ukutani likauke.

"Yameshuka," Silasi akasema.